Fundi amenitajia kazi tano, nimwamini kwa ipi?

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Gari langu ni la petroli, giaboksi otomatiki, na limefika kilomita 92,000. Mara ya mwisho nilipolipeleka kubadilisha oili, fundi alitoka chini ya gari akanisomea kazi tano: pedi na diski za breki za mbele, kusafisha injini kwa dawa, oili ya giaboksi, mkanda wa taimingi, na katalisti, ile ya kusafisha moshi wa ekzosi, kwa sababu taa ya injini inawaka. Taa hiyo ilishawahi kuwaka, nikabadilishiwa sensa ya oksijeni, ikazima wiki mbili kisha ikarudi. Nikahisi naibiwa, nikaondoka. Sasa ni miezi 14 sijakanyaga gereji. Naliogopa gari, na nawaogopa mafundi. Nitajuaje nani anasema kweli?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nianze na hiyo miezi 14, maana ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko kazi zote tano ulizosomewa. Oili haichakai kwa kilomita peke yake. Kila injini inapowashwa ikiwa baridi, mvuke wa maji na petroli kidogo isiyoungua hupenya pembeni mwa pistoni na kushuka kwenye oili. Ukienda safari ndefu injini ikapata moto sawasawa, vitu hivyo hufukika na kutoka. Kwa safari fupi fupi havitoki, vinabaki humo vikiiharibu oili. Ndiyo maana vitabu vya magari huandika vipimo viwili, kilomita na miezi, na kukutaka ufuate kile kitakachotangulia. Kwa magari mengi miezi yenyewe haizidi 12. Basi hata kama yule fundi alikuwa mwongo, kumkwepa kumeshaanza kukugharimu.

Na sidhani alikuwa mwongo kwa yote. Nikipima ulivyoeleza, kazi moja haina haja, moja ni ya kubahatisha, na tatu zinaweza kuwa za kweli kabisa.

Wasiwasi wako una msingi, na umeshachunguzwa na wasomi. Mwaka 1973 wanauchumi Michael Darby na Edi Karni waliandika kuhusu aina ya huduma ambayo mnunuzi hawezi kujua ubora wake hata baada ya kuilipia, na ukarabati wa magari ulikuwa miongoni mwa mifano yao. Ukinunua kiatu kibovu, mguu utakuambia. Ukifungiwa kipuri ambacho hukukihitaji, gari litatembea vizuri kama lilivyokuwa likitembea, nawe utashukuru. Anayekuambia unahitaji nini ndiye huyohuyo anayekuuzia.

Yanayoweza kutokea hapo yalionekana wazi Marekani mwaka 1992. Wakaguzi wa serikali ya jimbo la California walipeleka magari kwenye vituo vya kutengeneza magari vya Sears, kampuni ya maduka makubwa, wakijifanya wateja wa kawaida. Magari hayo yalikuwa na tatizo dogo la breki tu, mengine yote yamekaguliwa na yako sawa. Katika safari 38 walizofanya, 34 ziliishia kwa kuambiwa kuna kazi za ziada. Sababu haikufichika: waliokuwa wakipokea magari walilipwa kamisheni kwa walichouza, na walipangiwa idadi ya kufikisha. Kampuni iliishia kufuta malipo ya namna hiyo. Mimi huitumia habari hii kuwaelezea watu jambo moja. Ukaguzi wa bure hulipiwa na kitakachopatikana. Ukimlipa fundi kwa muda wake wa kukagua, hana sababu ya kukutafutia ugonjwa.

Lakini nimelala chini ya magari miaka mingi, na hasara niliyoiona mara nyingi zaidi si ya wizi. Ni ya kubahatisha.

Nilipokuwa fundi kijana, mteja alileta gari ambalo betri yake iliisha kila baada ya siku mbili. Nikasema tatizo ni alternata, ile inayochaji betri, nikaitoa, nikafunga nyingine. Siku tatu baadaye gari likarudi likivutwa. Mzee aliyekuwa akinifundisha akachukua mita, akawasha injini, akapima kwenye alternata: volti 14.2. Akapima kwenye betri yenyewe: volti 12.3. Umeme ulikuwa unazalishwa vizuri, unapotelea njiani. Akafuata waya wa ethi, akafungua bolti pale unaposhika kwenye bodi, akakuta kutu. Akapiga msasa, akafunga, kazi ikaisha. Alternata ya kwanza haikuwa na kosa lolote. Yule mteja hakuwa ameibiwa na mtu, alikuwa amelipia ubashiri wangu. Sikuwahi kusahau uso wake nilipomweleza, na tangu siku hiyo sifungui kipuri kabla ya kupima.

Kwa hiyo swali la nani anasema kweli ni gumu kuliko inavyohitajika, maana fundi mwaminifu anayebahatisha atakumaliza fedha sawasawa na mwizi. Muulize maswali matatu: umepima nini, umepata ngapi, na kinatakiwa kiwe ngapi? Aliyepima atajibu papo hapo, tena kwa furaha, kwa sababu wateja wachache huuliza. Sasa tuzichukue zile kazi zako moja moja.

Breki hazina siri hata kidogo. Pedi mpya za mbele huwa na kama milimita 10 hadi 12 za ile sehemu inayosagika, na zikibaki kama milimita 3 ni za kubadilisha, kushoto na kulia kwa pamoja. Kwenye magari mengi unaweza kumulika tochi katikati ya matundu ya rimu ukaiona pedi ya nje bila kufungua tairi. Ya ndani haionekani hivyo, na mara nyingine ndiyo inayoisha kwanza, kwa hiyo fundi afungue tairi nawe uwepo. Pedi nyingi pia zina kipande chembamba cha chuma kinachoanza kulia dhidi ya diski zikikaribia kuisha. Ukisikia mlio mwembamba ukikanyaga breki, usiongeze sauti ya redio.

Diski ni habari nyingine, na hapa ndipo watu wengi hupigwa. Tafuta maandishi yaliyogongwa kwenye diski yenyewe: MIN TH, kisha namba ya milimita. Huo ndio unene wa mwisho unaoruhusiwa. Kama imeandikwa 22 na kipimo kimeonyesha 23.6, diski bado ina maisha, isipokuwa kama usukani unatetemeka ukifunga breki au diski ina nyufa na mifereji mirefu. Kutu kwenye ukingo, pale pedi isipofika, si ugonjwa. Fundi akikwambia diski zimekwisha bila kuzipima, amekisia kwa macho.

Kuna kitu hakukutajia ambacho mimi ningekitaja kabla ya vyote: oili ya breki. Huvuta unyevu kutoka hewani hata gari likiwa limeegeshwa tu. Ile ya daraja la DOT 4 ikiwa mpya hairuhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya unyevu wa kiwango kinachotumika kwenye majaribio, kikomo hicho hushuka hadi 155. Ukishuka mlima mrefu umekanyaga breki, joto linaweza kufika huko. Ikichemka inatoa mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inazama hadi chini bila gari kusimama. Watengenezaji wengi huagiza ibadilishwe kila baada ya miaka 2, na kuna kifaa kidogo cha kupima unyevu wake kwa dakika moja. Katika orodha ya kazi tano, kukosekana kwa hii kunanionyesha kuwa fundi yule hakuwa akifuata ratiba ya kitabu. Alikuwa akifuata kilichomjia.

Dawa ya kusafisha injini ikatae. Kwa kawaida haimo katika ratiba ya mtengenezaji, na kwa injini iliyokaa na oili chafu inaweza kubandua tope lililoganda na kulipeleka kwenye chujio la pampu ya oili. Pampu ikikosa oili, injini nzima inakosa. Fanya njia ya polepole: badilisha oili na filta sasa hivi, kisha rudia baada ya kilomita 3,000, halafu rudi kwenye ratiba ya kawaida. Oili nzuri yenyewe ina viungo vya kusafisha, iache ifanye kazi yake. Tumia daraja lililoandikwa kwenye kitabu chako. Kama ni 5W-30, usikubali nzito zaidi kwa maneno kwamba gari limezeeka. Herufi W inahusu wepesi wa oili ikiwa baridi, na hapo ndipo injini husagika sana, sekunde zile za kwanza baada ya kuwasha.

Oili ya giaboksi inawezekana kabisa alikuwa sahihi. Watengenezaji kadhaa wa magari huandika kwamba hudumu maisha yote ya gari, lakini ZF, kampuni ya Ujerumani inayotengeneza giaboksi kwa ajili ya magari ya kampuni nyingi, inashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000 au kila miaka 8. Wewe uko ndani ya hesabu hiyo. Hofu yangu hapa si kwamba atakuuzia kisichohitajika, ni kwamba ataweka isiyo yake. Giaboksi ya CVT, aina ya otomatiki isiyo na gia za hatua, haitaki oili ya otomatiki ya kawaida, na kosa hilo halirekebishwi kwa kumwaga na kujaza upya. Mtake akutajie jina na daraja la oili kabla hajafungua nati yoyote, ulilinganishe na kitabu, na uone kopo likifunguliwa.

Mkanda wa taimingi ndio unaoniogopesha ukiusubirisha. Kwanza ujue kama injini yako ina mkanda au mnyororo. Mnyororo kwa kawaida hauna kilomita maalumu za kuubadilisha, kwa hiyo kama injini yako ni ya mnyororo na fundi amekuandikia mkanda, umeshapata jibu kuhusu umakini wake. Kama ni mkanda, kitabu kitakupa namba, ambayo hutofautiana sana kati ya injini na injini, takriban kuanzia kilomita 60,000 hadi 160,000, pamoja na idadi ya miaka. Katika injini nyingi za mkanda, pistoni na valvu hutumia nafasi ileile kwa zamu, na mkanda ndio unaoipanga zamu hiyo. Mkanda ukikatika zamu inavunjika, pistoni inagonga valvu, na kazi iliyokuwa ya nusu siku inageuka kuwa ya kufungua silinda hedi.

Hapa usidai kuonyeshwa. Mkanda unaweza kuonekana mzima wiki moja kabla ya kukatika, na fundi mwaminifu hana cha kukuonyesha. Shahidi wako ni kitabu. Na kama pampu ya maji inazungushwa na mkanda huohuo, ibadilishwe pamoja, kwa sababu kazi ya kufikia vyote viwili ni ileile. Akikuambia hivyo, hakuongezei mzigo.

Sasa taa ya injini, ambayo naona ndiyo iliyokuvunja moyo. Kwa kuwa alitaja katalisti, huenda namba ya kosa aliyoisoma kwenye mashine ni P0420. Kompyuta ya gari ina sensa ya oksijeni kabla ya katalisti na nyingine baada yake. Usomaji wa mbele hupanda na kushuka haraka. Katalisti ikiwa nzima, wa nyuma hutulia. Wa nyuma ukianza kuyumba kama wa mbele, kompyuta huandika P0420, yaani katalisti inafanya kazi chini ya kiwango. Kompyuta haisemi kwa nini. Bomba la ekzosi linalovuja karibu na sensa linaweza kuiandikisha. Injini inayokula oili huipaka katalisti masizi na sumu. Injini inayomisi, yaani isiyounguza petroli vizuri, huipelekea petroli mbichi ikaungulia humo ndani. Ukifunga katalisti mpya bila kutafuta chanzo, nayo itakufa.

Na zile wiki mbili ambazo taa ilizima baada ya sensa mpya hazina maana kwamba sensa ndiyo ilikuwa mbovu. Yaelekea fundi alipofunga sensa alifuta kosa kwenye kompyuta. Kompyuta huhitaji safari kadhaa, zenye mwendo na joto linalofaa, ili kumaliza tena uchunguzi wake wa katalisti. Taa ingezima siku hizo hata kama angefuta kosa tu bila kugusa kitu kingine. Katalisti ndiyo kazi ninayosema ni ya kubahatisha, kama sensa ilivyokuwa. Nasikitika kwamba hiyo sensa uliilipia.

Safari ijayo, kabla mtu hajafuta chochote, namba ya kosa iandikwe kwenye karatasi pamoja na hali ya gari iliyohifadhiwa wakati kosa lilipotokea: mwendo, joto la injini, kasi ya mzunguko wa injini. Ukifuta, vyote hivyo vinapotea. Tundu la kuchomekea kifaa cha kusoma liko chini ya usukani. Marekani lililazimishwa kwa magari mapya yote ya abiria kuanzia ya mwaka 1996, Ulaya kwa ya petroli mwaka 2001, na vifaa vidogo vinavyosoma kwa simu vinapatikana kwa mtu yeyote. Mimi ningependa kila mwenye gari awe nacho, si ili ajitibu, ila ili afike gerejini akiwa na namba yake mwenyewe.

Nikuonyeshe jinsi kupima kunavyoweza kuwa rahisi. Gari likimisi na namba ikawa P0301, maana yake silinda ya kwanza haiunguzi vizuri. Kama kila silinda ina koili yake ya kuipa plagi umeme wa cheche, fundi anaihamishia ya kwanza kwenye silinda ya pili na ya pili kwenye ya kwanza, anafuta kosa, anaendesha. Namba ikirudi P0302, koili ndiyo mgonjwa, kosa limeifuata ilikohamia. Ikibaki P0301, waangalie plagi au inzekta. Hakuna kilichonunuliwa mpaka hapo. Na ukiona taa ya injini inapepesa badala ya kuwaka tu, punguza mwendo na usimame mahali salama, kwa sababu hiyo ndiyo petroli mbichi inayoiunguza katalisti.

Namna unavyozungumza nao pia ina uzito. Usiingie ukisema nibadilishie plagi. Atabadilisha, gari litaendelea kutetemeka, naye atakuwa ametimiza ulichoagiza. Eleza dalili: linatetemeka likisimama kwenye foleni, asubuhi tu, linaacha likipata moto. Hapo jukumu la kupata ugonjwa linabaki kwake. Ukitaka maoni ya fundi wa pili, usimwambie wa kwanza alisema nini, na mlipe kwa ukaguzi.

Ulizia bei ya kawaida ya kazi kabla hujaenda, hata kwa kupiga simu sehemu tatu. Utafiti uliofanywa Marekani na kutolewa mwaka 2013 ulitumia watu kupiga simu kwenye gereji nyingi wakiulizia kazi moja, kubadilisha rejeta ya Toyota Camry ya 2003. Walioonyesha hawajui bei walitajiwa kubwa zaidi wakiwa wanawake kuliko wakiwa wanaume. Mpigaji alipotaja bei anayotegemea, tofauti hiyo kati ya wanawake na wanaume ikatoweka. Inauma kuisoma, dada yangu, lakini kinga yake iko mkononi mwako, nayo ni sentensi moja.

Omba makadirio ya maandishi na upigiwe simu kabla ya kuongezwa kazi yoyote. Sema mapema, kabla spana haijagusa gari, kwamba utataka kuona vipuri vya zamani. California iliweka mambo haya kwenye sheria ya ukarabati wa magari ya mwaka 1971, lakini huhitaji sheria ili kuyaomba. Vipuri vingine hurudishwa kiwandani kwa kubadilishana, kama alternata, hivyo huenda usiondoke navyo. Kuviona unaweza.

Kesho asubuhi, kabla hujawasha gari, likiwa mahali tambarare, chomoa kijiti cha kupimia oili, kifute, kirudishe, kichomoe tena. Rangi nyeusi isikutishe. Ikiwa kama maziwa ya chai, usiwashe kabisa, agiza livutwe, kwa sababu huenda maji ya rejeta yanaingia kwenye oili. Ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza nusu lita ya daraja sahihi, subiri, pima tena. Tazama pia kiwango cha maji kwenye kopo la rejeta, bila kufungua kifuniko kama injini ina moto. Kisha nenda gereji moja kwa kazi hizi tu: oili na filta, kipimo cha pedi na diski, kipimo cha oili ya breki, na namba ya kosa kwenye karatasi. Nyumbani fungua kitabu utafute mkanda na giaboksi. Ukishakuwa na namba hizo niandikie tena, tuangalie ile katalisti kwa pamoja.